Je, Wajua? Umekaa Queensbury, Gemu Inakupeleka Voi

Je, wajua kwamba gemu moja tu, No Man's Sky, ina sayari 18,446,744,073,709,551,616? Usijaribu kuisoma namba hiyo kwa sauti mbele za watu. Ilitoka mwaka 2016, na walioitengeneza wako Guildford, chini ya saa moja kwa treni kutoka Waterloo.

Ngoja, usiinuke. Ukiamua kutembelea kila sayari kwa sekunde moja tu, bila kulala wala kunywa chai, utamaliza baada ya miaka bilioni 585 hivi. Ulimwengu wenyewe tunaoishi una umri wa miaka bilioni 13.8!

Siku ya kwanza tu wachezaji waligundua humo aina zaidi ya milioni 10 za viumbe. Dunia yetu nzima, samaki, mende na uyoga wote pamoja, inakadiriwa kuwa na aina milioni 8.7.

Siku hizo hizo za mwanzo wachezaji wawili walipanga kukutana kwenye sayari moja. Wakafika, wakasimama mahali pamoja, kila mtu kwenye skrini yake, na hakuna aliyemwona mwenzake! Kuonana vizuri kulikuja mwaka 2018.

Na gemu yenyewe nusura isizaliwe. Mkesha wa Krismasi wa 2013 mafuriko yaliingia ofisini kwao, kompyuta zikaogelea.

Unajiuliza sayari zote hizo zinawekwa wapi? Haziwekwi popote! Kompyuta ina kanuni ya hesabu tu. Unapoikaribia sayari inapikwa pale pale, na ukirudi kesho inapikwa tena ikatoka ile ile.

Ujanja huo una zaidi ya miaka 40. Septemba 1984 vijana wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa Elite, gemu ya kusafiri na kuchuuza bidhaa angani, kwenye kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Humo wakabana galaksi 8, kila moja na sayari 256. Picha uliyotumiwa leo asubuhi kwenye WhatsApp huenda ni nzito kuliko ulimwengu wao wote.

Tena walitaka kuweka galaksi trilioni 282, mchapishaji akawaambia wapunguze. Na galaksi moja nzima ilitupwa kwa sababu kanuni ilizaa sayari yenye jina la tusi. Sitalitaja, tumekaa hadharani.

Haya, hapa tulipo ni Queensbury, kaskazini-magharibi mwa London. Je, wajua jina la mtaa huu lilipatikana kwa shindano la gazeti? Jirani tayari kulikuwa na Kingsbury, ya mfalme, basi huku akapewa malkia. Stesheni ilifunguliwa tarehe 16 Desemba 1934, na ile nembo kubwa ya duara iliyosimama peke yake mbele ya stesheni umeipita mara ngapi bila kuitazama?

Hapo Kingsbury, kituo kimoja tu kutoka hapa, mwaka 1929 John Logie Baird alinasa picha za televisheni zilizorushwa kutoka Berlin. Mahali penyewe leo ni bustani ya Roe Green, watoto wanacheza mpira. Skrini uliyonayo sebuleni ina ukoo hapa mtaani!

Na kabla ya safu hizi za nyumba, upande ule kulikuwa na uwanja wa ndege wa Stag Lane. Kampuni ya de Havilland ilikuwa ikiunda hapo ndege ndogo za Gipsy Moth. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha shirika lake la ndege Nairobi kwa ndege ya aina hiyo, na uwanja wa Wilson unaoujua wewe una jina lake. Stag Lane ikafungwa 1934, mwaka ule ule Queensbury ilipopata stesheni.

Gipsy Moth nyingine ilianguka Voi tarehe 14 Mei 1931, ikamuua mwindaji maarufu Denys Finch Hatton. Shika jina hilo, Voi. Tunalirudia sasa hivi.

Maana katika gemu ya Halo 3, ya mwaka 2007, ni karibu na Voi hiyo hiyo ambako viumbe wa angani wanafukua mtambo wa kale uliozikwa ardhini. Mwaka ni 2552, na wanadamu wanapambana nao kwenye barabara kuu ya Tsavo. Barabara ile ile ya mabasi ya Mombasa!

Mombasa nayo imo. Inaitwa Mombasa Mpya, na ina lifti inayopanda kutoka ardhini hadi nje ya anga. Mwaka 2009 ikatoka Halo 3: ODST, ambayo karibu yote inachezwa humo mjini, mara nyingi usiku, mvua ikinyesha, na sehemu zake nyingine zimebeba majina ya Kizingo na Kikowani. Mtu wa Mombasa aliyeko Queensbury anapotea njia kwao, akiwa amekaa kwenye kochi.

Wajuzi watanivuta shati: Halo ni gemu ya kufyatua risasi, si ya kuvaa uhusika, aina tunayoifikia hapa chini. Kweli kabisa. Lakini Voi ni Voi, siwezi kuipita.

Na Zanzibar je? Halo 2 ya mwaka 2004 ina uwanja wa mapambano unaoitwa Zanzibar, wenye ufukwe na gurudumu kubwa la upepo. Wajapani walitangulia: mwaka 1990 kampuni ya Konami ilitoa Metal Gear 2, inayochezwa katika nchi ya kubuni iitwayo Zanzibar Land. Sasa kisia wameiweka wapi. Asia ya Kati! Karafuu hakuna, bahari hakuna.

Sasa tuje kwako wewe unayeshika padi kwa mara ya kwanza. Gemu ya kuvaa uhusika inakukabidhi mtu: unamchagulia jina, sura na vipaji, kisha maneno yake ni yako na madeni yake ni yako. Ikiwa ya hadithi za kisayansi, unaongezewa chombo cha angani na maadui wenye macho manne.

Je, wajua ilikuwapo gemu ambayo mhusika wako anaweza kufa kabla hujaanza kucheza? Ni Traveller, ya mezani, ya mwaka 1977, yenye karatasi na dadu. Unamtungia mhusika maisha yake ya nyuma, unarusha dadu kuona kama alinusurika jeshini, dadu inakataa, marehemu. Anza upya!

Katika The Outer Worlds ya mwaka 2019 unaweza kumuumba mtu mwenye akili ndogo kuliko kawaida, nayo gemu inakupa majibu ya kipumbavu ya kuchagua. Karibu na mwisho unaruhusiwa hata kuendesha chombo kikubwa mwenyewe. Ukikubali, unakitia ndani ya jua, na hadithi imeisha hapo. Nani alikutuma?

Gemu hiyo hiyo huwa inakutazama. Ukiumizwa mara nyingi na maroboti, inakuuliza kama ungependa kuwa mwoga wa maroboti maisha yako yote, kwa malipo ya kipaji kipya. Watu wanakubali!

Na usidhani lazima upige. Katika Fallout ya kwanza, ya mwaka 1997, adui mkuu anaweza kushindwa kwa maneno matupu. Unamwonyesha ushahidi kwamba mpango wake hauwezi kufaulu, naye anavunjika moyo na kujiangamiza. Mawakili, gemu yenu hiyo.

Phantasy Star ilitoka Japani tarehe 20 Desemba 1987, ikiwa na sayari tatu na panga za leza. Shujaa wake ni msichana, Alis, na aliyeongoza uchoraji wake ni mwanamke, Rieko Kodama. Mwaka 1987!

Lakini nikiulizwa mgeni aanzie wapi, mimi nasema Mass Effect, ya mwaka 2007. Wewe ni Kamanda Shepard, mwaka 2183. Jina la kwanza unaandika upendalo, Mwanaisha au Juma, ila ucheze hadi mwisho hakuna hata mmoja atakayelitamka. Ni Shepard, Shepard, Shepard.

Kampuni iliyoitengeneza, BioWare ya Edmonton, Kanada, ilianzishwa mwaka 1995 na madaktari watatu. Madaktari wa hospitali, wa sindano na vidonge!

Katika Mass Effect manowari kubwa kabisa za wanadamu zimepewa majina ya milima. Moja inaitwa Kilimanjaro. Za kati zina majina ya miji na ndogo zina majina ya mapigano mashuhuri, ndiyo maana chombo chako wewe kinaitwa Normandy.

Unachoamua katika gemu ya kwanza kinakufuata hadi ya tatu. Uliyemwacha afe mwaka 2007 harudi mwaka 2012. Na mwisho wa gemu ya pili kikosi chako chote kinaweza kuteketea, hata wewe mwenyewe, kwa sababu tu hukuzungumza na watu wako wala kukarabati chombo mapema.

Vita vya mwisho vya gemu ya tatu vinapiganwa wapi? London! Saa kubwa ya Westminster inaonekana katikati ya magofu. Kutoka Queensbury unapanda Jubilee bila kubadilisha, unashuka Westminster, umefika mwisho wa dunia.

Mwisho huo uliwaudhi watu ajabu. Walilalamika kwamba miisho mitatu ya hadithi inatofautiana rangi tu, basi wakachanga pesa wakawapelekea watengenezaji keki ndogo zaidi ya 400, za rangi nyekundu, bluu na kijani, zote za ladha moja. Wengine wakachangisha zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya watoto walio hospitalini. Juni 2012 mwisho ukarefushwa, bure. Sijapata kuona malalamiko matamu kama hayo.

Una umri gani wewe? Samahani, nauliza kwa sababu tangu tarehe 30 Julai 2012 duka la Uingereza likimuuzia mtoto gemu iliyoandikwa 12, 16 au 18 naye hajafika umri huo, linavunja sheria. Bibi unayemnunulia mjukuu, tazama namba kabla ya picha.

Twende mjini. Mwaka 1975 marafiki watatu, Steve Jackson, Ian Livingstone na John Peake, walianzisha Games Workshop katika nyumba ya kupanga, magharibi mwa London. Waliagiza nakala 6 tu za Dungeons & Dragons kutoka Marekani, na kwa nakala hizo 6 wakapewa haki ya kuiuza Ulaya nzima kwa miaka 3!

Baadaye Jackson na Livingstone wakakosa pa kuishi, wakalala kwenye gari la Jackson kwa miezi mitatu. Desemba 2024 kampuni hiyo iliingia kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Soma tena sentensi mbili hizo.

Ulimwengu wao wa vita vya angani, Warhammer 40,000, ulizaliwa mwaka 1987. Desemba 2023 ukapata gemu yake ya kuvaa uhusika, Rogue Trader, na humo wewe ni mfanyabiashara mwenye kibali cha kwenda kusikofika serikali.

Je, wajua wapo waliojitolea kuibomoa London yote bila kulipwa? Tarehe 25 Julai 2024 kundi la mashabiki lilitoa Fallout: London, ulimwengu mzima uliojengwa juu ya Fallout 4, na halitozi hata senti. Mwaka ni 2237, bomu la nyuklia limeshapita, nawe unaanza kwa kutoroka maabara na kupata ajali ya treni. Mambo ya London hayo.

Sauti moja humo utaishtukia. Ni John Bercow, aliyekuwa Spika wa Bunge la Uingereza, yule wa kupiga kelele za utulivu! Wamo pia Colin Baker na Sylvester McCoy, ambao zamani waliigiza Doctor Who kwenye televisheni.

Starfield ya mwaka 2023 ina sayari zaidi ya 1,000, lakini nenda duniani kwetu kwanza. Pamebaki jangwa, na miongoni mwa majengo machache yaliyosalia mchangani limo Shard. Kulipata ni lazima kwanza usome kitabu cha Oliver Twist ndani ya gemu. Shard la kweli lina urefu wa mita 310 na liko London Bridge, Jubilee hiyo hiyo, bila kubadilisha treni.

Cyberpunk 2077 ilianza kama mchezo wa mezani mwaka 1988, na aliyeutunga ni Mmarekani mweusi, Mike Pondsmith. Sikiliza redio ukiendesha gari ndani ya gemu: mtangazaji mmoja ni Pondsmith mwenyewe. Mwaka 2023 akaongezwa jasusi anayeigizwa na Idris Elba, mtoto wa Hackney.

Na katika vitabu vya mchezo huo wa mezani, unadhani mtambo wa kurusha mizigo angani umewekwa juu ya mlima gani? Kilimanjaro tena! Hawa watunzi wana nini na mlima wetu?

Bili ya umeme umelipa? Januari 2014, ndani ya EVE Online, gemu ya angani inayoendeshwa kutoka Iceland, kundi moja halikulipa ada ya eneo lake kwa wakati. Maadui wakavamia. Watu zaidi ya 7,500 wakapigana kwa saa 21, na vyombo vilivyoteketea vikakadiriwa kuwa na thamani ya dola 300,000 hivi, dola za kweli. Yote hayo kwa bili moja!

Gemu hiyo ina biashara nyingi kiasi kwamba mwaka 2007 kampuni iliajiri mchumi mwenye shahada ya uzamivu, kazi yake kuchunguza bei za vitu visivyokuwapo. Baadaye akawa mkuu wa chuo kikuu.

Unapenda maongezi? Star Wars: The Old Republic, ya mwaka 2011, ina mistari zaidi ya 200,000 ya mazungumzo yaliyorekodiwa kwa sauti za watu. Kitabu cha rekodi cha Guinness kikaipokea.

Na ukiwa kwenye Star Wars, tega sikio. Katika filamu ya mwaka 1983 rubani mmoja wa angani mwenye mashavu mazito, Nien Nunb, anaongea Kikuyu! Sauti ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, naye aliitwa tena mwaka 2015, miaka 32 baadaye. Unaweza kumcheza Nien Nunb mwenyewe katika gemu ya Battlefront.

Kiswahili kilitangulia. Kipindi cha kwanza cha Star Trek kilichorushwa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, kina kiumbe mla chumvi anayejigeuza binadamu na kumsemesha Luteni Uhura kwa Kiswahili. Uhuru wa Kenya ulikuwa haujatimiza hata miaka mitatu.

Na wimbo wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy, Februari 2011, uliimbwa kwa lugha gani? Kiswahili! Ni “Baba Yetu” wa Christopher Tin, Mmarekani aliyeutungia gemu ya Civilization IV mwaka 2005. Maneno ni ile sala ya Baba Yetu, unayoijua tangu utoto kama ulisomea shule ya misheni.

Nairobi nayo imeshavamiwa na viumbe wa angani, na waliowaalika ni Wakenya wenyewe. Gemu ya Nairobi X ilitoka mwaka 2015, kazi ya Andrew Kaggia. Huyo ndiye aliyewahi kuwachora wanasiasa wa Kenya wakigeuka maroboti, katika filamu fupi ya Wageuzi.

Mwaka uliofuata studio ya Kiro'o ya Yaoundé, Kamerun, ikatoa Aurion, gemu ya kuvaa uhusika yenye wafalme na uganga wa Kiafrika. Walichangisha sehemu ya fedha kwa watu wa kawaida, kupitia intaneti.

Turudi Queensbury. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na takriban 28,000 wakaja Uingereza. Wengi wa Uganda na wengi zaidi wa Kenya wakatua pande hizi, ndiyo maana ukiagiza mogo wa pilipili hapa hakuna anayekutolea macho. Wajukuu wao sasa ndio wanaokuelekeza kitufe cha kuruka.

Na sasa mtu wa kumjua: Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza wa asili ya Kenya. Mwaka 2017 alikuwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins, akapendekezwa kwa tuzo ya BAFTA. Mwaka 2020, kwenye tamthilia ya angani ya Raised by Wolves, aliigiza roboti linalolea watoto. Jina la roboti? Baba!

Baba yake mwenyewe alifariki, na majonzi hayo akayatengenezea gemu. Tales of Kenzera: Zau ilitoka tarehe 23 Aprili 2024: kijana mganga anamkabili Kalunga, mungu wa mauti, akidai arudishiwe baba yake. Hadithi inasomwa na mvulana Zuberi, katika mji wa Afrika ya kesho unaoitwa Amani.

Fungua mipangilio ya gemu hiyo, tafuta lugha ya sauti, chagua Kiswahili. Wahusika wanaongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho! Mwite mama aje asikilize kutoka jikoni.

Mwaka huo huo wa 2024 studio ya Salim, Surgent, ilitangaza gemu nyingine, safari hii ya kuvaa uhusika kabisa, katika Afrika ya kubuni ambako sayansi inachezea miili ya watu. Jina lake la kazi ni Project Uso.